Rangi ya Kipimo Haithibitishi Usalama

Vijana wengi Nairobi wanaamini kwamba tone la kemikali ya kupimia dawa za kulevya likigeuka rangi inayotakiwa, kidonge ni salama. Si kweli. Kemikali ya Marquis, moja ya hizo za kupimia, ikidondoshewa punje ya MDMA (dawa ya kulevya iitwayo pia ecstasy) hugeuka zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Rangi hiyo haikuambii kiasi kilichomo, na weusi wake unaweza kuficha kitu kingine kilichochanganywa humo. Vijikaratasi vya kupimia fentanyl, dawa kali ya maumivu inayoweza kuua hata kwa kiasi kidogo, navyo husema ipo au haipo, basi. Tena unga huchanganywa kiholela: punje uliyoikwangua yaweza kuwa haina, iliyobaki ikawa nayo.

Jibu kamili linahitaji mashine za maabara, na hapo ndipo sheria inapobana. Sheria ya Kenya ya 1994 inaharamisha kupatikana na dawa za kulevya, hata chembe, hivyo anayebeba sampuli kutoka Eastleigh kwenda kuipima yumo hatarini. Mkemia wa Serikali hupima, lakini vielelezo vya polisi. Inauma, maana nchi hii hii imekubali methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, inayotolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 2014.

Anayetumia asiwe peke yake. Mwenzako akizidiwa na dawa, akakoroma na midomo ikawa samawati, mkimbize hospitali.