Kupima uzalishaji wa nyutrino ya tau ni kupima nini?

Nyutrino ni chembe ndogo mno, na ziko za aina tatu: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua. Jaribio la DONUT huko Fermilab, maabara ya fizikia karibu na Chicago, lilitangaza mwaka 2000 kwamba limeinasa. Hesabu yao ya mwisho ilikuwa 9 tu kati ya nyutrino 578 zilizogonga mtambo wao.

Sasa hiyo 9 ni nyingi au kidogo? Ukiona abiria watano wakishuka Ngara, huwezi kusema ni sehemu gani ya abiria wa matatu imeshuka kama hujui wangapi walipandia Githurai. Kujua waliopanda ndiko kupima uzalishaji: kila protoni inapogonga shabaha, huzaliwa nyutrino ngapi za tau?

Mwanafunzi wa fizikia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, atauliza kwa nini zisihesabiwe moja kwa moja. Hazihesabiki. Nyutrino haina chaji, haiachi alama, na karibu zote hupita kwenye mwamba kana kwamba haupo. Kwa hiyo anahesabiwa mzazi.

Mzazi mkuu ni Ds, chembe ya jamii ya mesoni inayozaliwa protoni inapogonga shabaha. Katika kila mesoni 100 za aina hiyo, kama 5 huoza, yaani huvunjika, na kutoa chembe iitwayo tau pamoja na nyutrino yake. Tau nayo huoza papo hapo na kutoa nyutrino nyingine ya tau, hivyo uzao ni wawili. Yote hayo huishia ndani ya milimita chache.

Jaribio la DsTau, huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, huelekeza protoni kwenye bamba jembamba la tungsteni au molibdeni, na nyuma yake kuna filamu za emulsheni, jamaa wa zile za kamera za zamani. Kwenye darubini kinachotafutwa ni mstari unaopinda kidogo sana pale Ds inapooza, kisha unapinda tena tau inapooza. Kupinda kwa kwanza ni kudogo mno. Kazi ngumu iko hapo, wala si kwenye mashine kubwa zinazopigwa picha kila siku.

Bila kipimo hicho, kosa la makadirio ya uzalishaji lilizidi asilimia 50. DsTau wanalenga asilimia 10. CERN imeidhinisha jaribio la SHiP, linalotarajiwa kunasa nyutrino za tau kwa maelfu. Zikishakuwa maelfu, uchache si kisingizio tena, na kosa litakalobaki kubwa ni hilo la waliopanda.