Omu 4, omu 8, na ile mita yenu

Jamani, tena? "Fundi, amplifaya yangu ni ya omu 4, spika ni za omu 8, si zitaungua?" Haziungui. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Namba iliyo nyuma ya amplifaya ya transista ni mzigo wa chini kabisa inaouweza. Ukizidisha omu unapungukiwa wati tu: volti 20 zinatoa wati 100 kwenye omu 4 na wati 50 kwenye omu 8. Tofauti ni desibeli 3, sikio halishtuki.

Balaa liko upande wa pili. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 2, na volti zile zile 20 sasa zinavuta ampea 10. Transista zinachemka, zinapiga shoti, DC (umeme usiogeuka mwelekeo) inamiminika kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Hapo ndipo spika inapoungua. Na ukiunga kwa briji, yaani chaneli mbili zikisukuma spika moja, kila chaneli inaona nusu ya omu za spika hiyo.

Kinachonichosha zaidi ni mita. Mtu ananunua spika ya omu 8, anapima, inasoma 6, anairudisha dukani ati feki. Mita hupima kwa DC, yaani waya wa koili peke yake. Spika nzima ya omu 8 husoma 5.5 hadi 6.5 hivi. Muziki ni AC, umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, na kwenye AC omu hazitulii. Wufa (spika ya besi) ya omu 8 inaweza kupanda hadi omu 30 na zaidi pale koni inapopenda kutikisika yenyewe, ikashuka karibu na 6.5 kwenye 200 au 300 Hz, kisha ikapanda tena masafa yakienda juu. "Omu 8" ni jina la ukoo. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka tu isishuke chini ya asilimia 80 ya jina hilo, yaani 6.4. Ndiyo maana spika mbili tofauti zikiungwa sirizi, moja nyuma ya nyingine, zinagawana volti vibaya, na mgawo unabadilika kila noti.

Je, spika tatu za omu 8 kwenye amplifaya ya omu 4? Hiyo ni 2.67, na kitabu cha amplifaya kinakataa. Ila kwa sauti ya wastani nyingi zinapona, maana muziki una mapengo. Singeli ya kukesha chini ya bati ni habari nyingine, na mstari kamili sithubutu kuuchora. Gusa hitisinki, kile chuma cha kupoza transista, mkono ukishindwa kukaa, punguza.

Amplifaya za valvu zina tepu (sehemu za kuungia spika) za omu 4, 8 na 16: hizo ndizo za kulinganisha na omu za spika. Na laini ya volti 100 ya msikitini, ambapo kila spika ina transfoma yake, hujumlishwa wati, si omu. Ukiichomekea honi ya omu 8 isiyo na transfoma, hesabu inadai wati 1,250 kutoka kwenye honi ya wati 30.