Ukishafungwa, ajira ndiyo basi?

Hapa Tabora utasikia kijiweni: "Huyo katoka gereza la Uyui, kisheria haajiriki tena." Si kweli. Ibara ya 22 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Aliyemaliza kifungo hakutengwa. Hata ubunge, ambao una masharti makali, aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu huzuiwa kugombea kwa miaka 5, si maisha. Vikwazo vipo, hasa serikalini, na mwajiri anaweza kudai cheti cha polisi cha alama za vidole. Lakini aliyejifunza useremala gerezani akafungua karakana yake, mteja wa kitanda cha mninga hamwulizi cheti. Anauliza bei, na kama mbao zimekauka.