Kuinenepesha si kuifanya isomeke: dhana potofu kuhusu fonti za slabu

"Bosi, bado nyembamba hiyo. Nenepesha kidogo, ionekane mpaka barabarani." Awe mwenye duka la nyavu Kirumba au mgahawa wa sato Capri Point, hapa Mwanza, mteja akija kwangu kutengenezewa bango ombi ni lile lile. Na fonti aliyoichagua ni slabu boldi (yaani nene tayari) ya kizamani, yenye miguu ya mraba minene sawa na herufi yenyewe!

Tuelewane. Jicho halisomi wino peke yake, linasoma na uwazi uliobaki: tundu la A, matumbo mawili ya B, mwanya kati ya mguu na mguu. Slabu nene imeshaula karibu uwazi wote huo. Ukibonyeza boldi tena wakati fonti haina uzito mwingine, programu haichori herufi mpya. Inaipaka unene ile iliyopo, ndani na nje. Matundu yanaziba, miguu ya herufi jirani inashikana. Kwenye namba ya simu ndiyo balaa: 8, 6 na 3 zote zinakuwa mabonge, na abiria wa daladala Barabara ya Nyerere hana muda wa kubahatisha. Namba ndiyo inayoleta mteja, na ndiyo ya kwanza kufa.

Unataka isomeke kwa mbali? Kuza herufi, achanisha nafasi kati yake, weka rangi zinazopingana, mfano nyeusi juu ya manjano. Slabu za namna hii zilichorwa kwa maneno mawili matatu makubwa, basi. Jina la biashara liwe slabu. Simu na huduma zipe fonti ya kawaida isiyo na miguu. Na nitarudia ushauri usiopendwa: futa "karibuni wote" na "kwa bei poa". Yakitoka hayo, jina linapata pa kukulia. Ukibisha, chapa kwenye A4, bandika ukutani, rudi nyuma hadi upande wa pili wa barabara, kisha nisomee namba.

Eti "slabu ni za makauboi". Hapana. Vincent Figgins wa London alizionyesha kwenye katalogi yake mwaka 1815 hivi, kwa ajili ya matangazo. Marekani zilishamiri baada ya Darius Wells wa New York kuanza, mwaka 1827, kuchonga herufi za mbao kwa mashine, maana herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali. Duka la dagaa lina haki nazo kama mwingine yeyote.

Eti "slabu yenye mikwaruzo ndiyo ya kizamani hasa". Kwenye bango la kuchapa, sawa. Kwenye stika ya kukata, ya mtumbwi au ya gari, mashine inafuata kila mkwaruzo, halafu kijana wangu anashinda na pini akichomoa vipande vidogo kama chenga za mchele. Vipembe vyote hivyo ndivyo vinavyoanza kubanduka. Chukua toleo safi.

La mwisho, "nimeipakua bure, ni yangu". Nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu. Nembo ya biashara inahitaji leseni ya fonti inayoruhusu biashara. Faili la maelezo mara nyingi limo humo humo kwenye zipu, lile furushi ulilopakua. Lisome kabla hujaniletea fleshi.