Sikukuu za Kiyahudi: yanayodhaniwa na yalivyo

Makosa mengi kuhusu sikukuu za Wayahudi hutokea mtu anapozipima kwa kipimo cha dini yake. Mkristo anaitafuta Krismasi humo, Mwislamu anaitafuta Ramadhani, na mwajiri anatafuta tarehe moja tu kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ya Kiyahudi ina mambo yake.

Dhana: Hanuka ndiyo Krismasi yao, na ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote

Si kweli yote mawili. Hanuka hukumbuka kutabarukiwa upya kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 K.K., baada ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, kulikomboa mikononi mwa mfalme Antioko wa Nne. Haimo kabisa katika Biblia ya Kiebrania. Anayesoma Biblia ya Kikatoliki atakikuta kisa chake katika vitabu vya Wamakabayo, na Yohana 10:22 inaitaja kama Sikukuu ya Kutabaruku. Habari maarufu ya mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane inatoka kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini. Kazi hufanyika siku zote nane kama kawaida.

Kuwasha taa ndiko kwenye utaratibu. Kinara cha Hanuka kina nafasi tisa. Chenye matawi saba ni kile cha Hekaluni. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, mmoja usiku wa kwanza, miwili wa pili, hadi minane, lakini huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya ukitangulia. Wa tisa, shamashi, ni mtumishi wa kuwashia wenzake. Jumla ni mishumaa 44, na boksi la dukani huwa na idadi hiyohiyo. Watu hukosea zaidi Ijumaa. Siku hiyo mishumaa ya Hanuka lazima iwashwe jua halijazama, kabla ya ile ya Sabato, na bado iwe inawaka nusu saa baada ya giza kuingia. Vijishumaa vya boksi huisha kwa takriban nusu saa, kwa hiyo vinazimika mapema mno. Usiku huo tumia mishumaa mirefu au utambi wa mafuta.

Kishindo cha Hanuka hadharani kimeanzia Marekani, tena si zamani. Wahasidi wa Chabad, kundi la Wayahudi washika dini, waliwasha kinara mbele ya Independence Hall, Philadelphia, mwaka 1974, na 1979 Rais Jimmy Carter akashiriki kuwasha kile cha karibu na Ikulu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotoka Pittsburgh: sanamu za hori la Yesu, zilizowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama, hazikukubaliwa, kinara kilichosimama nje ya jengo jingine, kando ya mti wa Krismasi, kikakubaliwa. Sikukuu ndogo imekuzwa na jirani yake wa Desemba.

Dhana: Sikukuu huanza asubuhi ya tarehe iliyoandikwa

Siku huanza jua likizama. Watu wa Pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, hawana haja ya kuelezwa hili. Ofisini ndiko wanakoteleza. Yom Kipuri, yaani Siku ya Upatanisho, iliandikwa 2 Oktoba mwaka 2025, lakini mfungo ulianza jioni ya tarehe 1. Ukimpangia mtu mtihani saa kumi alasiri ya tarehe 1, umemnyima mlo wake wa mwisho kabla ya saa 25 bila chakula wala maji. Huko hakuna daku. Viatu vya ngozi na kuoga navyo vimekatazwa. Mgonjwa ambaye daktari amemwambia ale, ni wajibu wake kula. Inapowezekana marabi humwelekeza ale kidogokidogo, kama mililita 30, kisha apumzike kama dakika 9 kabla ya tonge jingine.

Sabato nayo hufuata jua, na kwa desturi iliyoenea mishumaa yake huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Nairobi saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. London, Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, ilhali Juni hukawia hadi baada ya saa tatu usiku. Ndiyo maana mfanyakazi yuleyule huomba ruhusa ya mapema Ijumaa za baridi, na za kiangazi haombi.

Tarehe zenyewe huhamahama bila kuzunguka mwaka mzima kama Ramadhani. Miezi ni ya mwandamo, ila katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13 ili Pasaka ibaki majira ya kuchipua. Mwaka 2024 ulikuwa mmojawapo: Pasaka ya Wakristo iliangukia 31 Machi, ya Wayahudi ikaanza jioni ya 22 Aprili.

Dhana: Sikukuu zote ni za mapumziko

Nje ya Israeli siku za kutofanya kazi kwa mwaka ni 13 kwa wanaoshika desturi kikamilifu: Rosh Hashana (Mwaka Mpya) 2, Yom Kipuri 1, mbili za mwanzo za Sikukuu ya Vibanda, mbili za kuifunga, mbili za mwanzo na mbili za mwisho za Pasaka, na Shavuoti (Sikukuu ya Majuma) 2. Israeli ni 8, kwa kuwa siku nyingi za pili huko hazipo. Hanuka na Purimu, sikukuu ya kisa cha Esta, hazimo. Kwa hiyo anayepanga ratiba ajihadhari zaidi na mwisho wa Vibanda, ambao wengi hawaujui, kuliko Hanuka ambayo kila mtu anaijua. Mchezaji wa besiboli wa Marekani, Myahudi Sandy Koufax, alikataa kurusha mechi ya kwanza ya fainali ya 1965 kwa sababu iliangukia Yom Kipuri, na bado anatajwa hadi leo.

Dhana: Pasaka inakataza hamira

Kama ni hamira, basi vikombe vinne vya divai vinavyonywewa kwenye mlo wa Pasaka vingetoka wapi, na divai nayo huchachushwa na hamira? Kinachokatazwa ni ngano, shayiri na aina nyingine tatu za jamii hiyo zikishalowa maji na kuumuka. Ndiyo maana matza, mkate wa Pasaka, huokwa ndani ya dakika 18 tangu maji yaguse unga. Ugali wa mahindi haumo katika nafaka hizo tano, lakini Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa desturi hawali mahindi wala mchele. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wao hula wali bila wasiwasi.

Vilivyokatazwa hata kuvimiliki hairuhusiwi. Serikali ya Israeli, yenye maghala na jeshi, haiwezi kuteketeza akiba yake yote, hivyo kila mwaka marabi wakuu humuuzia kwa mkataba Mwarabu wa Abu Ghosh, mji mdogo karibu na Yerusalemu, anayeweka amana. Pasaka ikiisha hamalizii bei, mali inarudi, naye anarudishiwa amana.

Dhana: Waingereza waliwapa Wayahudi Uganda

Hii haihusu sikukuu, ila ni dhana ya hapa kwetu. Eneo lililozungumziwa mwaka 1903 kuwa makao ya Wayahudi lilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Jina la Uganda lilibaki kwa mazoea, maana sehemu hiyo ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Kongamano la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, lilituma wakaguzi watatu, na 1905 likakataa. Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, hawatokani na mpango huo. Walianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 kwa kusoma Biblia wenyewe, wakapigwa marufuku na Idi Amin, wakaendelea kusali kwa siri. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.