Injini ya boti iliyonoki na mfuko mwembamba: dhana potofu na ukweli wake

Neno "imenoki" hutamkwa haraka mno. Injini iliyopachikwa nyuma ya boti inagoma kuzunguka, mwenyewe anavuta kamba mara tatu bila mafanikio, na kabla ya jioni ameshaanza kuulizia bei ya nyingine. Kwa mwenye fedha za kutosha haraka hiyo ni hasara ndogo. Kwa asiyenazo, kila shilingi inayotangulia uchunguzi huenda ikawa imetupwa majini.

Dhana: Injini isiyozunguka imekufa.

Ukweli ni kwamba kukwama kuna sababu nyingi, na baadhi yake hazina uhusiano wowote na pistoni. Maji yakiingia ndani ya silinda hayagandamiziki, hivyo pistoni hugota kana kwamba imegonga ukuta. Plagi zikifunguliwa na flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini) ikazungushwa taratibu kwa mkono, maji hayo hurushwa nje na injini huachia, mradi konrodi, mkono unaoshika pistoni, haijapinda. Gia boksi iliyovunjika meno au iliyoshika beringi huizuia injini yote, hata ikaonekana imekufa juu ilhali ugonjwa uko chini. Ikishushwa gia boksi, kazi ambayo kwa injini nyingi ni ya kufungua bolti chache na kutenganisha fimbo ya gia, jibu hupatikana mara moja. Stata nayo inaweza kunasa kwenye meno ya flaiwili. Injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa huweza kushikwa na kutu ya ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) tu: hiyo humiminiwa mafuta ya kulegeza kutu kupitia matundu ya plagi, ikaachwa siku kadhaa, kisha ikajaribiwa polepole kwa upande wake wa kawaida wa kuzunguka, kwa kuwa kuirudisha kinyume huweza kuharibu mabawa ya impela ya pampu ya maji. Nyundo haina nafasi katika kazi hii.

Ikikubali kuzunguka, hupimwa mgandamizo wa kila silinda kwa geji ya kawaida ya mafundi, plagi zote zikiwa nje, kabureta ikiwa wazi kabisa na umeme wa plagi ukiwa umezimwa. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine husema mengi kuliko namba yenyewe: ikipita asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Plagi nazo zisomwe kwa makini, kwa sababu chembe ndogo za alumini zilizoganda kwenye ncha yake ni vumbi la pistoni iliyokuwa ikiyeyuka.

Dhana: Kilichovunjika kikibadilishwa, kazi imekwisha.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Pistoni haijiui yenyewe; kitu fulani kiliiua, na kitu hicho kikiachwa mahali pake kitaiua na mpya, mara nyingine katika safari ya kwanza. Mabaki yenyewe ndiyo ushahidi, na fundi anayeyatupa kabla ya kuyaangalia amekutupia nusu ya jibu. Silinda moja ikiungua huku jirani zake ni nzima, mshukiwa wa kwanza ni kabureta yake: katika injini nyingi za mipigo miwili (two-stroke) zenye kabureta zaidi ya moja, kila kabureta hulisha silinda zake pekee, na jeti (kitundu cha kupitisha petroli) iliyozibwa na mabaki ya petroli ya zamani huinyima silinda hiyo mafuta pamoja na oili iliyochanganywa humo. Silinda zote zikiwa na mikwaruzo, tazama maji ya kupoozea au oili. Pistoni iliyotoboka katikati ya kichwa huelekeza kwenye joto la mwako uliokwenda vibaya, kwa mfano plagi isiyo ya injini hiyo, petroli duni au majira ya cheche yaliyovurugika.

Impela ya pampu ya maji inastahili kutajwa peke yake. Ni gurudumu la mpira linalolainishwa na maji yaleyale linayoyasukuma, kwa hiyo kuwasha injini nchi kavu "kidogo tu, nisikie inavyolia" kunatosha kuichoma. Ikikutwa imepoteza bawa, kuweka nyingine hakutoshi. Kipande kilichokatika kiko mahali fulani ndani ya njia za maji, na kisipotafutwa kitaziba tena.

Dhana: Mkondo mdogo wa maji unaotoka ubavuni unathibitisha kuwa injini inapoa.

Unathibitisha kuwa pampu inasukuma maji, basi. Chumvi iliyoganda kuzunguka silinda au themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji) iliyonasa inaweza kuipika injini huku mkondo ukiendelea kutiririka vizuri. Na kwa kuwa injini nyingi za aina hii huvuta maji ya nje na kuyarudisha nje, dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta za magari hazina pa kukaa humu.

Dhana: Oili ni oili, na ikizidishwa ni salama zaidi.

Oili ya injini ya gari ina viambato vya metali vinavyoacha majivu ndani ya silinda ya mipigo miwili, na majivu hayo huwaka kama kaa na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake. Injini za boti za mipigo miwili hutumia oili yenye alama ya TC-W3, isiyo na majivu hayo. Kuzidisha nako si kinga: kadiri oili inavyoongezeka katika kila lita, ndivyo petroli inavyopungua, na mchanganyiko hubaki na petroli pungufu kwa hewa ileile. Kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini ndicho kipimo.

Dhana: Silinda ikikwaruzika, lazima zote zichongwe (zipanuliwe kwa mashine).

Si mara zote. Pale ambapo slivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda, ni ya chuma, alama inayoonekana kama mfereji mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyogandia juu ya ukuta, nayo huondolewa kwa asidi ya hidrokloriki inayopakwa kwa uangalifu, mahali penye hewa na kwa glavu na miwani, bila kugusa sehemu za alumini za injini. Kisha ukuta husuguliwa na kupimwa. Ukikutwa ndani ya vipimo, pistoni na ringi mpya zinatosha. Usipokuwa, injini nyingi za mipigo miwili huruhusu silinda moja kuchongwa na kupewa pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali) huku nyingine zikibaki kama zilivyo. Silinda zilizopakwa tabaka gumu badala ya slivu ya chuma ni habari nyingine. Hizo hazichongwi kienyeji.

Dhana: Kununua iliyotumika siku zote ni nafuu, na iliyokufa ni chuma chakavu.

Iliyotumika ni nafuu ikiwa imepimwa mgandamizo mbele yako, oili ya gia boksi yake si nyeupe kama maziwa (dalili ya maji kupita kwenye sili), na urefu wa shafti yake unalingana na boti yako: inchi 15, 20 au 25. Mwenye shafti fupi kwenye boti ya shafti ndefu atakuwa na pampu inayovuta hewa. Angalia pia kama spea zitapatikana. Injini za Evinrude, kwa mfano, ziliacha kuzalishwa mwaka 2020. Iliyokufa, kwa upande wake, bado ina gia boksi, propela, kabureta, vifaa vya umeme na mabano, na injini mbili mbovu za modeli moja zinaweza kutoa moja nzima. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia inayosahauliwa zaidi.

Dhana: Ikishawaka, iko tayari kwa safari.

Pistoni na ringi mpya zinahitaji kuzoeana na ukuta wa silinda. Vitabu vingi vya injini za mipigo miwili huagiza oili maradufu kwa kipindi hicho, yaani 25 kwa 1 pale ambapo kawaida ni 50 kwa 1, bila kuikaza hadi mwisho na bila kukaa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kipindi hicho boti iendeshwe karibu na ufuko, makasia yakiwa ndani ya boti, kisha mgandamizo upimwe upya na namba za kila silinda ziandikwe ndani ya kifuniko cha injini.