Mmea Ukinywea, Usikimbilie Ndoo

Kwa kuwa mmea hauwezi kulikimbia jua wala mafuriko, wengi hudhani hauna la kufanya ila kungoja kufa. Kumbe unafanya mengi, tena mapema. Sisi ndio tunaozisoma vibaya dalili zake na kuupa tiba isiyo yake.

Dhana: Majani yakinywea, mwagilia.

Ukweli: Jua la mchana likiwa kali, majani mapana kama ya maboga hunywea hata udongo ukiwa na unyevu, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta. Jioni husimama tena. Yatazame alfajiri: yakiwa bado yamelala, hapo kuna jambo. Hata hivyo, chomeka kidole udongoni kwanza. Udongo uliojaa maji huinyima mizizi oksijeni, nayo ikashindwa kuvuta maji, mmea ukanyauka ndani ya tope. Ndoo nyingine hapo ni kuumaliza.

Dhana: Mmea imara hauachi kukua.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi. Udongo ukianza kukauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka na kufunga stomata, vile vitundu vidogo mno vya majani. Maji yanaokolewa, lakini kaboni dioksaidi ya kutengenezea chakula inaingia kidogo, na jani linapata joto zaidi. Kupungua kwa ukuaji ni gharama ya kubaki hai.

Mpunga unalionyesha hili vizuri. Aina nyingi zikifunikwa na mafuriko hurefuka kwa pupa kutafuta hewa, zikamaliza akiba ya wanga. Maji yakishuka, zimekwisha. Jeni ya Sub1A, ambayo watafiti waliieleza mwaka 2006, huuzuia mpunga kurefuka. Mmea hutulia chini ya maji kwa takriban wiki 2, kisha huendelea kukua. Jeni hiyo ilitoka kwenye mpunga wa India uitwao FR13A, na iliingizwa katika mbegu maarufu kwa kuzichavusha na mpunga huo vizazi kadhaa, si kwa uhandisi jeni, yaani kupandikiza jeni maabara, kama wengi wanavyodhani.

Dhana: Mbegu inayostahimili ukame haijali mvua.

Ukweli: Inavumilia pengo la mvua tu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, nywele za gunzi huchelewa, chavua ikaanguka bure.

Dhana: Mbolea itauokoa mmea wenye kiu.

Ukweli: Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Kwenye udongo mkavu huzidi kuifanya mizizi ishindwe kuvuta maji yaliyobaki. Subiri unyevu.

Dhana: Kilimo endelevu ni kuacha kutifua udongo.

Ukweli: Hiyo ni nusu ya habari. Shamba lisilotifuliwa na lisilofunikwa hufanya ukoko juu, mvua ikatiririka badala ya kuzama, na mavuno yanaweza kushuka. Kutotifua kunahitaji matandazo ya kupunguza joto na uvukizi, pamoja na mzunguko wa mazao wa kukatiza wadudu na magonjwa. Mikunde ikiwemo, udongo hupata naitrojeni. Ukiacha jembe, tarajia magugu mengi misimu ya mwanzo. Na kama una mifugo inayotegemea mabua, amua kabla ya kuvuna ni kiasi gani kitabaki shambani.